Siku nne Lisbon na mama wa Kilwa: anzeni na dhahabu, na Sintra chagueni kasri moja tu

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Hamburg, nimelifupisha kidogo:

"Habari kaka. Mwezi wa kumi nakuja Lisbon na mama, tunaingia Jumapili usiku na kuondoka Ijumaa asubuhi, kwa hiyo siku nne kamili. Mama ana miaka 68, kazaliwa Kilwa Kivinje, anatembea vizuri ila magoti yanamsumbua kwenye ngazi. Plani yangu: Jumatatu Belém, Jumanne Sintra pamoja na Cabo da Roca na Cascais, Jumatano Fátima na Óbidos, Alhamisi tramu 28 na kununua zawadi. Unaionaje? Na sisi ni Waislamu, tutakula wapi?"

Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Pili, hiyo plani tuibomoe mapema kabla hujalipia kitu. Mi naishi hapa miaka kumi na moja sasa na kazi yangu ni kutembeza wageni, familia kama yenu nimezitembeza nyingi tu, na kosa ni lile lile kila mara, watu wanajaza siku mpaka mwisho wa safari mzazi anakumbuka mabasi na foleni, hakumbuki alichoona.

Tuanze na Jumatatu. Belém siku ya Jumatatu ni safari ya bure, ile nyumba ya watawa ya Jerónimos inafungwa Jumatatu, na makumbusho mengi ya serikali hivyo hivyo. Utafika pale utapiga picha ukuta wa nje halafu basi. Kwa hiyo Jumatatu ibaki ya mtaani, Alfama na vilima vyake, Jumanne muende makumbusho, Jumatano Belém, Alhamisi Sintra. Fátima na Óbidos futa kabisa. Fátima ni mahali pa hija ya Wakatoliki, na pana heshima yake, lakini kwenu nyie ni saa nyingi za kukaa ndani ya basi. Óbidos ni kamji kazuri kenye ukuta wa zamani ila ni mawe matupu na mteremko kila upande, magoti ya mama hayatakushukuru.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hukukitaja kabisa kwenye plani yako na mimi ningekiweka mbele ya vyote, na sikulaumu kwa sababu hata wenyeji wengi hapa hawajawahi kwenda kukiangalia. Pale mtaa wa Janelas Verdes kuna makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, wenyeji wanayaita MNAA. Ndani kuna chombo cha kanisani kinaitwa Custódia de Belém, ni monstransi, ile ambayo Wakatoliki wanaonyeshea Ekaristi. Ni ya dhahabu na imepambwa kwa rangi za kioo kilichoyeyushwa, urefu wake sentimita sabini na kitu, na kazi yake inahusishwa na fundi wa dhahabu Gil Vicente. Na hiyo dhahabu, dada yangu, ni ya Kilwa.

Nieleze vizuri ili uweze kumsimulia mama mkiwa njiani. Vasco da Gama alipita pwani yetu mara ya kwanza mwaka 1498, Mombasa mambo yakamwendea vibaya, Malindi wakampokea na akapata nahodha wa kumwelekeza India. Aliporudi mwaka 1502 alikuwa na kundi kubwa la meli na mizinga, akatia nanga Kilwa, ile ya Kisiwani ambayo mama anaijua, akamlazimisha mtawala wa pale, Amiri Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na alipe kodi ya dhahabu kila mwaka, akaondoka na mithkali 1,500, mithkali ni kipimo cha zamani cha uzito wa dhahabu. Kilwa wakati huo ilikuwa imetajirika kwa dhahabu iliyokuwa inakuja kutoka Sofala kule kusini. Mfalme Manuel wa Kwanza akaamuru dhahabu ile itengenezewe hicho chombo, kikamalizika 1506, akakiwekea wasia kwenda kwenye ile nyumba ya watawa ya Belém. Na huku kikiwa bado kinatengenezwa, mwaka 1505, Wareno walirudi Kilwa na Francisco de Almeida, wakauteka mji wakajenga ngome, na Mombasa wakaichoma moto.

Ukifika mbele ya kabati la kioo usiishie kuangalia juu kwenye mapambo na wale mitume kumi na wawili waliopiga magoti kuzunguka katikati. Wageni wote wanaangalia huko. Inama, angalia ukingo wa kitako, kuna maandishi yamezunguka kwa herufi ndogo ndogo za rangi, Kireno cha zamani, yanasema mfalme Manuel aliamuru itengenezwe kwa dhahabu na kodi za... halafu linakuja neno QILVA. Herufi tano. Wameandika V kwa sababu enzi hizo ndivyo walivyoandika, lakini mtu yeyote wa pwani akilisoma kwa sauti halimpotei. Nilimpeleka mzee mmoja wa Lindi pale, kakaa kimya muda mrefu, akanishika mkono akaniuliza taratibu, "wameandika wenyewe?" Nikamwambia ndiyo mzee, wameandika wenyewe. Akasoma tena, akatoa miwani akaifuta, akasoma mara ya tatu. Tulikaa pale kama nusu saa na mlinzi akatuletea kiti bila hata kuombwa.

Ndo maana nasema hii iwe Jumanne, kabla ya Belém, mpangilio una maana yake. Belém yote ni jiwe zuri lililochongwa na ukienda bila kujua hela ilitoka wapi utaona uzuri tu. Ukiwa umeshaona lile neno kwanza, kesho yake unapoingia Jerónimos unajua unaangalia nini.

Kwenda makumbusho basi la 714 kutoka Praça da Figueira linapita karibu na pale, na basi hilo hilo linaendelea mpaka Belém, kwa hiyo ukishalijua Jumanne, Jumatano hutapotea. Wanafungua saa nne asubuhi. Kuna bustani nyuma yenye mgahawa unaoangalia mto Tejo na meli, mketi pale baada ya kuona chombo, msikimbilie kwingine. Jengo ni kubwa, usijaribu kuona lote, omba ramani mlangoni uulize Custódia iko ghorofa gani, na ukitaka cha pili basi tafuta zile paravani za Kijapani, yaani skrini za kukunja zilizochorwa picha, zinazoonyesha Wareno wanashuka melini na mapua marefu na suruali pana, Wajapani waliwachora walivyowaona. Mama atacheka. Na mbebee mama kitambulisho au pasipoti maana wazee wa miaka 65 kwenda juu wana punguzo sehemu nyingi, ila lazima uombe, mara nyingi hawakwambii wenyewe.

Mkiwa na nguvu, mkirudi mjini kuna mtaa unaitwa Rua do Poço dos Negros, maana yake mtaa wa Kisima cha Weusi. Mwaka 1515 mfalme huyo huyo Manuel aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa waliokuwa wanakufa mjini, kwa sababu walikuwa wanatupwa ovyo. Siku hizi ni mtaa wa kawaida una maduka na vijana wanakunywa kahawa. Mi huwa nasimama pale dakika moja na wageni wangu nasoma jina la mtaa, basi, tunaendelea.

Jumatano Belém. Kata tiketi ya Jerónimos onlaini, fika saa tatu na kidogo asubuhi, foleni ya saa tano ni ya juani na haina pa kukaa. Kuna foleni mbili na watu wanachanganya kila siku, moja ya kanisa na nyingine ya ile baraza ya ndani yenye matao, ambayo ndo inalipiwa, kwa hiyo uliza kabla ya kusimama. Kaburi la Vasco da Gama liko kanisani, ukiingia tu pale nyuma, na upande wa pili ni la mshairi Camões. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500 na ulichukua karibu miaka mia, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa na ushuru wa asilimia 5 kwenye biashara ya Afrika na Mashariki. Angalia nguzo, wamechonga kamba za meli, matufe, majani ya baharini, mtu mzima unaweza kukaa saa nzima na nguzo mbili tu. Jengo hili tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 halikuliangusha, lile lililobomoa Lisbon halafu likafuatiwa na mawimbi ya bahari na moto, kwa hiyo ni moja ya sehemu chache unazoona mji ulivyokuwa kabla.

Mnara wa Belém uangalieni kwa nje tu. Ndani ni ngazi nyembamba za kuzunguka, watu wanapishana kwa shida, na mara nyingine unafungwa kwa ukarabati. Nje ndo unapendeza zaidi, hasa maji yakiwa yamejaa. Njiani mtapita mnara mkubwa wa wale mabaharia, Padrão dos Descobrimentos, huo si wa kale jamani, huu wa mawe ni wa mwaka 1960, kabla yake kulikuwa na wa muda wa 1940 wa maonyesho. Usilipie kupanda. Chini pale sakafuni kuna ramani kubwa ya dunia ya marumaru, iliyotolewa na Afrika Kusini, mwache mama atembee juu yake mpaka afike pwani yetu, ni bure na ni sehemu tambarare, na picha inatoka nzuri.

Vile vikeki vya maziwa na mayai vya Belém vinauzwa pale tangu 1837, foleni ya mlangoni ni ya wanaobeba, nyie ingieni ndani kabisa kuna vyumba vingi vya kukaa.

Jumatatu sasa, Alfama. Hapa hila ni moja, mpande kwa mashine mshuke kwa miguu. Watu wanaona Castelo de São Jorge iko juu wanaanza kupanda kwa miguu kutoka Baixa, ule mtaa wa tambarare katikati ya mji, saa moja baadaye wamekasirikiana. Kuna lifti za bure za mji, ya kwanza iko mtaa wa Rua dos Fanqueiros, ndani ya jengo la kawaida tu, mlango wake usipoangalia unaupita, inakupandisha mpaka Rua da Madalena, unavuka hapo kidogo unapata ya pili kwenye jengo la soko la zamani la Chão do Loureiro, ukitoka juu umeshamaliza sehemu kubwa ya kilima. Kutoka hapo taratibu mpaka Portas do Sol, mnakaa mnaangalia mapaa na mto, halafu mnashuka Alfama kidogo kidogo kuelekea chini. Ngome yenyewe si lazima, ni kuta na mandhari, na mandhari mtakuwa mmeshaipata bure.

Mwambie mama kuwa jina Alfama limetokana na Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji moto, undugu na hamamu yetu. Lisbon ilikuwa mji wa Waislamu mpaka 1147 ulipotekwa na mfalme Afonso Henriques, na Waislamu waliobaki wakawekwa mtaa wa pembeni ya kilima ambao hadi leo unaitwa Mouraria. Halafu muanze ule mchezo wa maneno, wageni wa pwani wote wanaupenda. Meza ni mesa, bendera ni bandeira, leso ni lenço, kopo ni copo, foronya ni fronha. Ukipita kanisa lolote utaona kibao IGREJA, wataalamu wa lugha wanasema ndo limezaa gereza letu. Mama atakuwa anasoma vibao mji mzima, na ukimpa kazi hiyo hata kutembea kunakuwa rahisi.

Viatu! Njia za miguu hapa ni vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo za watu miaka na miaka, vikilowa ni kama umemwaga mafuta. Raba zenye soli ya mpira inayoshika, si ndala wala viatu vya soli ngumu. Mwezi wa kumi mvua inaweza kuanza. Hili usilipuuze, nimeshampeleka mgeni hospitali na kifundo cha mguu kimevimba kama chungwa siku ya kwanza ya safari yake.

Tramu 28 ipande kwa raha yake, si usafiri. Usipandie Martim Moniz ambako foleni inaweza kufika saa nzima, nendeni mwisho wa pili, Campo de Ourique kwenye kituo cha Prazeres, asubuhi, mtapata viti. Simu na pochi viwe mbele, vibaka wa tramu hiyo ni wazoefu na hutosikia kitu.

Alhamisi Sintra, na hapa ndo nataka unisikilize zaidi maana siku nyingi za watu zinaharibikia hapa. Sintra ina makasri na bustani za kutosha siku tatu, wewe ulitaka kuimaliza na kuongezea Cabo da Roca na Cascais siku moja. Cabo da Roca ni ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya, sawa, lakini ni jiwe, upepo na basi la kusubiri. Acha.

Kila mtu atakwambia Pena, lile kasri la njano na nyekundu juu ya mlima. Alilijenga Ferdinand wa Pili, mume wa malkia Maria wa Pili, mtu wa ukoo wa Kijerumani huko huko unakoishi, alinunua magofu ya nyumba ya watawa mwaka 1838 akajenga ndoto yake juu yake. Linapendeza, siwezi kudanganya. Lakini tiketi ya kuingia ndani ina saa yake na ukichelewa hawakuingizi, na kutoka geti la bustani mpaka kasri ni kupanda kama nusu saa, na basi la 434 la kutoka stesheni linajaa. Mwaka wangu wa pili hapa nilipeleka familia moja, tulikuwa na tiketi ya saa tano, tumesimama kituoni mabasi mawili yamepita yamejaa, tumefika getini tumeshachelewa, bibi yao amekaa kwenye benchi amechoka na kasri hajaliona. Kosa lilikuwa langu na tangu siku ile mtu mwenye magoti simpeleki Pena kwanza.

Nyie nendeni kasri la mjini, Palácio Nacional de Sintra, lile lenye mabomba mawili meupe makubwa ya moshi kama pia zilizopinduliwa. Ni mabomba ya moshi ya jiko, urefu mita 33, ukisimama jikoni chini yake ukaangalia juu unaona duara dogo la anga. Kutoka stesheni ni kutembea kama dakika kumi na tano, njia ina kona nyingi ila haina mlima wa kutisha. Na ndani kuna vigae vya zamani sana, vya mtindo wa Kiislamu, nyota na mafundo ya kijani na buluu, kuna chumba wanakiita cha Waarabu kina chemchemi katikati. Neno lao azulejo lenyewe ni la Kiarabu. Watu wanalipita kasri hili wakikimbilia Pena, kwa hiyo mara nyingi unapata chumba kizima peke yenu. Gusa kwa macho tu, ila sogea karibu, utaona kigae kimoja kimoja rangi imevuka mstari kidogo, mkono wa fundi umeonekana.

Baada ya hapo kama mama bado yuko vizuri, chukueni teksi au bajaji, hapa wanaita tuktuk, mkubaliane bei kabla ya kupanda, iwapeleke mkaone Pena kutoka mbali, au mkate tiketi ya bustani tu bila ya ndani. Kama kachoka, mnakunywa chai mjini mnarudi. Treni inatoka stesheni ya Rossio katikati ya Lisbon, kama dakika 40, chukua ya mapema, ikifika saa tatu asubuhi muwe mmeshashuka Sintra. Kadi ya usafiri kila mtu na yake, mbili hazichangii moja.

Chakula. Martim Moniz na mtaa wa Benformoso, pale pale Mouraria, kuna migahawa mingi ya Wabangladeshi, halali, wali na mchuzi wa kueleweka, bei nafuu. Msikiti mkuu uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, na waumini wengi wa mwanzo walitoka Msumbiji, kwa hiyo usishangae mzee wa pale akiujua ubuyu. Kwingine kuleni samaki wa kuchoma, hawa watu samaki wanamjua. Supu ya caldo verde uliza kwanza, kawaida wanatia kipande cha soseji ya nguruwe. Jifunze maneno matatu, porco (nguruwe), banha na chouriço (ile soseji), ukiyaona achana nayo, na hata kwenye keki uliza kama kuna banha, ni mafuta ya nguruwe. Mkikaa mezani wakaleta mkate na zeituni bila kuagiza, si zawadi, vinalipiwa ukivigusa, unasema tu obrigada wanaondoa bila kununa. Na kwenye vimgahawa vya mtaani kabatini mtaona chamuças. Ni sambusa, dada yangu. Zimekuja kwa njia ya Goa na Msumbiji, uliza nyama gani.

Kitu cha mwisho, mama abebe sweta la Sintra hata kama Lisbon kunawaka jua, kule ukungu unatoka baharini unakaa mlimani, unaacha watu na fulana Rossio unakuta wenzako wanatetemeka dakika 40 baadaye. Tiketi ya Jerónimos na ya kasri zikate wiki hii. Na Jumanne pale kwenye kabati la kioo, mama awe na miwani yake ya kusomea, herufi ni ndogo.